Miche ya Borrichia frutescens: mizizi bora, maelekezo yenye kasoro

Misimu miwili iliyopita niliagiza miche sita ya Borrichia frutescens kutoka kitalu kinachouza mimea ya asili tu. Huu ni mmea wa kudumu wa jamii ya alizeti, wenye asili yake katika vinamasi vya maji ya chumvi vya pwani ya kusini-mashariki mwa Marekani na Ghuba ya Mexico.

Miche yenyewe sina budi kuisifu. Kila mmoja ulifika ukiwa na mizizi iliyoshikamana vyema na udongo, majani manene ya kijani kilichofifia kuelekea kijivu, na shina changa lililokwisha kuanza kutambaa chini ya udongo. Hakuna hata mmoja uliokufa, na yote ilichanua maua yake ya manjano msimu wa pili.

Tatizo ni kijikaratasi cha maelekezo, kinachomtaka mnunuzi aimwagilie miche maji ya chumvi kila wiki. Mmea huu huvumilia chumvi, lakini hauihitaji. Unastawi kinamasini kwa sababu mimea mingi ambayo ingeugombania nafasi haiwezi kuishi pale. Isitoshe, kinamasini maji hujaa na kupwa na mvua huosha udongo, ilhali ndani ya chungu chumvi hujilimbikiza. Miche miwili niliyoifuata kwa maelekezo hayo ilidumaa, na minne niliyoipa maji baridi, kwenye jua la kutwa, ikaipita kwa mbali, ingawa ilinilazimu kung'oa magugu mara kwa mara.

Kijikaratasi hakisemi pia kwamba mashina yale ya chini husambaa sana. Kwenye ukingo unaomomonyoka hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwa kuwa huushika udongo. Katika tuta dogo la bustani, mnunuzi angepaswa kuonywa mapema aweke kizuizi. Ua likikauka hubaki kitufe chenye ncha kali, kwa hiyo glavu ni muhimu wakati wa kupogoa.

Nimeagiza miche mingine minane kwa ajili ya ukingo wa bwawa, na nimewaandikia wenye kitalu nikiwaomba waondoe agizo lile la maji ya chumvi kabla hawajauza miche ya msimu ujao.