Kidepo kwa gari la kukodi: uzoefu wangu wa Apoka, Narus na Kanangorok

Kidepo, hifadhi ya taifa iliyo pembe ya kaskazini-mashariki mwa Uganda, si ya wikendi. Mwenye siku mbili tu aende hifadhi ya Murchison, ataona ndovu na twiga wa kumtosha na atarudi Kampala bila kuchoka. Kidepo inataka ulale ndani mara tatu, mbali na siku za barabarani. Ukiipa muda huo, kwangu mimi hakuna hifadhi ya Uganda inayoifikia. Ninayoandika hapa ni kwa anayekodi gari na kulala kwenye mabanda ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) pale Apoka, kambi iliyo ndani ya hifadhi. Anayeruka kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha Apoka na kupokelewa na dereva wa hoteli yake ana mambo machache ya kuhangaikia. Ajue tu kwamba ndege hizo hupima mizigo kwelikweli, na begi gumu la magurudumu halitakiwi.

Njia ni mbili. Kupitia Gulu na Kitgum ni kama kilomita 570 kutoka Kampala. Kupitia Mbale, Moroto, Kotido na Kaabong inakaribia 800. Ya Moroto inapendeza zaidi kwa macho, lakini ulizia usalama kabla ya kuishika, maana inapita Karamoja, ambako wizi wa mifugo hupoa na kuwaka tena. Wengi hushika ya Gulu na kujisifu kuimaliza kwa siku moja. Inawezekana, ila utaingia kipande cha murramu (barabara ya udongo na changarawe isiyo na lami) cha baada ya Kitgum jioni, ukiwa umechoka, na giza likikukuta huko huoni shimo wala ng'ombe. Lala Kitgum, ondoka asubuhi.

Mafuta jaza Kitgum hadi juu. Mbele ya hapo mara nyingi utauziwa ya jerikani, na hujui yamechanganywa na nini. Hesabu yake ni hii: Kitgum hadi Apoka na kurudi ni karibu kilomita 280, mizunguko ya ndani kwa siku tatu ni 200 hadi 250. Landikruza ya dizeli kwenye murramu hunywa lita 14 hadi 16 kwa kilomita 100, na mchangani huzidisha. Unahitaji lita 80 na kitu, basi tanki la 90 na jerikani moja ya lita 20 vinatosha bila roho juu. Gari dogo lisilovuta magurudumu yote manne usilipeleke, hata kama mwenye gari anaapa kwamba lilishafika.

Tairi ndizo zinazoharibu safari za watu. Kampuni iliyonikodisha ilileta gari safi linalong'aa, spea ikiwa kipara na spana ya magurudumu isiyoingia kwenye nati. Vikague vyote hapo hapo uwanjani kwao kabla hujasaini: shusha spea uiangalie, fungua nati moja kwa spana iliyomo garini, pandisha jeki hadi gurudumu liachie ardhi. Dai spea mbili. Chukua pia ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwani mchangani jeki huzama badala ya gari kupanda. Kwenye murramu punguza upepo kutoka PSI 35 hadi kama 28: tairi gumu hupasuliwa na mawe na kukutikisa hadi meno. Lakini ukishapunguza usizidi kilomita 60 kwa saa, maana tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka ubavuni. Pampu ndogo ya kuchomeka garini ni lazima ya kurudishia upepo kwenye lami.

Msimu nao una siri yake. Mvua ni za Aprili hadi Oktoba kwa makadirio, na wakati huo udongo mweusi wa Narus hugeuka ugali unaojaza nafasi zote za tairi mpaka gari linateleza kama halina meno. Vitabu vya watalii husema kiangazi huanza Novemba. Ni kweli kwa mvua, ila nyasi bado ni ndefu na simba anaweza kulala hatua kumi kutoka barabarani usimwone. Mimi nachagua Januari hadi Machi. Nyasi zimelala au zimechomwa, na maji yamebaki sehemu chache.

Maji hayo ndiyo ufunguo wa hifadhi yote. Kidepo ina mabonde mawili, Narus upande wa kusini-magharibi na Kidepo upande wa kaskazini-mashariki. Bonde la Kidepo hupata mvua kidogo na mto wake huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Narus hubaki na madimbwi. Kwa hiyo kiangazi kikikaza, nyati, ndovu, punda milia, kongoni, kuro na ngiri wote wanajibana Narus, na wanaowala wanawafuata. Nyati huko hutembea kwa makundi ya mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu, na kundi likivuka barabara zima injini usubiri. Usijaribu kupenya katikati.

Gawanya muda wako hivi: kila asubuhi na kila jioni Narus, isipokuwa asubuhi moja ya Kanangorok, kwenye chemchemi za maji moto za bonde la Kidepo. Uwe umeondoka Apoka saa kumi na mbili na nusu. Kufikia saa nne jua limekwisha kuwa kali na wanyama wamejificha. Rudi ulale, toka tena saa kumi. Simba wa hapa hupenda kupanda juu ya majabali, ambako kuna upepo, nzi ni wachache na bonde lote liko chini ya macho yao. Kwa hiyo usitafute nyasini tu. Simama mbali, pitisha darubini taratibu kwenye ukingo wa juu wa kila jabali, na utafute kitu cha mviringo kwenye mstari wa jiwe: mara nyingi ni sikio. Mwili una rangi ile ile ya jiwe na hauonekani mpaka ujigeuze. Mchukue askari wa UWA ukae naye gari moja. Anajua jabali lipi lilikuwa na simba jana, na Kiswahili anakimudu vizuri, tofauti na Kampala ambako ukikizungumza watu wanadhani wewe ni polisi.

Duma wapo, lakini ni wachache na bonde ni pana. Usiende kwa ajili yao.

Kanangorok iko karibu na mpaka wa Sudan Kusini, na askari mwenye bunduki ni sharti. Chemchemi zenyewe, nisiwadanganye, ni maji ya moto yanayochuruzika kati ya mawe. Dakika kumi zinatosha. Kinachostahili safari ni njia: mivumo mirefu kandokando ya mto, kitanda cha mchanga mweupe unachoweza kutembea juu yake, mbuni, tandawala, na milima ya Sudan Kusini mbele yako. Mbung'o ndio kodi yake. Usivae bluu ya kukoza wala nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta, na dawa ya mbu haiwasumbui sana. Funga vioo mapema, kabla hawajaingia. Beba lita tano za maji kwa kila mtu, na ondokeni alfajiri ili mrudi kabla ya joto la saa nane.

Mabanda ya Apoka ni ya kawaida: kitanda, chandarua, paa la nyasi, na umeme usiotakiwa kuutegemea. Chaji kila kitu garini wakati wa mizunguko. Chakula cha kantini agiza masaa mawili kabla, na uje na vyako vya akiba kutoka Kitgum, kwa sababu siku ya wageni wengi kuku huisha na hubaki posho (ugali) na maharage. Usiache chakula chochote bandani wala hemani. Punda milia, kuro na nyati hupita katikati ya kambi usiku, na ndovu anayenusa ndizi hakuombi ruhusa. Ukihitaji choo cha nje, mulika tochi pande zote kwanza, na ukiona macho yanakurudishia mwanga rudi ndani umwite askari.

Ada ya kuingia hutozwa kwa kila saa 24. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha wageni wa mbali wanaolipa kwa dola, mradi uonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Nakala ya picha kwenye simu inaweza kukataliwa. Panga saa ya kuingia vizuri, maana ukizidisha unaanza kuhesabiwa siku nyingine.

Ukiwa na siku ya ziada, panda mlima Morungole kwa Waik, jamii ndogo inayoishi huko. Kilele ni mita 2,749, vijiji viko chini yake, na kwenda na kurudi kwa miguu humaliza siku nzima. Mwambie UWA jana yake ili apatikane mwongozaji. Lita tatu za maji mgongoni, viatu vilivyozoea mguu, na usitoe kamera mpaka wenyeji wakubali. Chumvi na sabuni hupokelewa kwa furaha kuliko peremende, lakini mpe mzee wa kijiji agawe mwenyewe. Ukigawa wewe utaacha ugomvi nyuma yako.