Jioni na mwandishi wa riwaya maktabani, Mombasa

Jirani ndiye aliyenipasha habari: mwandishi wa riwaya mzaliwa wa hapa, mshindi wa tuzo, atazungumza jioni katika maktaba moja ya mjini, bila kiingilio. Nikavuka feri kutoka Likoni na binti yangu wa kidato cha pili. Makabati ya vitabu yalikuwa yamesogezwa ukutani kupisha viti, na kufikia saa kumi na mbili waliochelewa walikuwa wamesimama madirishani.

Nianze na lililoniudhi. Mwendesha mazungumzo alituhutubia karibu dakika ishirini, tena kwa Kiingereza, akisoma sifa za mgeni moja baada ya nyingine, na mwenyewe ameketi kimya. Alipopewa nafasi tu, adhana ya magharibi ikaingia, nusu ya watu wakatoka kuswali. Katika mji huu saa ya kuanza shughuli haipangwi bila kuangalia saa ya swala. Mwandishi alifunga kitabu chake akangoja mpaka viti vikajaa tena, na hilo nilimheshimu nalo.

Kisha akasoma. Mama anamwita mwanawe alfajiri, kabla hajasafiri: "Ndoo, mwanangu, nikutizame mato," yaani njoo nikutazame macho.

Nilihisi mwili wote kusisimka. Hivyo ndivyo alivyosema mama yangu, na nyanya yangu kabla yake. Nilipokuwa darasa la sita niliandika "nti" badala ya "nchi" kwenye insha, daftari likarudi limejaa wino mwekundu. Tangu hapo nimekuwa mkali kwa binti yangu: akileta Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, nyumbani namrekebisha, nikiogopea alama zake. Na sasa maneno yaleyale yamechapishwa kitabuni, yanasomwa mbele ya umati, na hakuna anayeyaonea haya.

Mzee mmoja aliyevaa kanzu akainuka, akauliza: mji wa mshairi Muyaka bin Haji, ilikuwaje lugha yake isiwe ya vitabuni? Jibu ndilo lililonifanya niandike haya. Mwandishi alieleza kwamba mwaka 1928 kulikuwa na mkutano hapahapa Mombasa, ukaamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia usanifishaji huo. Muyaka alikuwa ameshafariki tangu 1840, na tungo zake za Kimvita zilikuwa zinajulikana vizuri. Kwa hivyo mwandishi huyu husimulia kwa Kiswahili sanifu, msomaji wa Dodoma asipotee, lakini vinywa vya wahusika wake haviingilii. Mhariri alitaka kuyanyoosha yote, wakavutana neno kwa neno. Hapo mzee akasema kwa sauti, "Ahsante, mwanangu."

Kijana akauliza kuhusu kuandika kwa Kiingereza, na mazungumzo yakaenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, mshindi wa Nobel ya 2021. Riwaya yake iliyotoka mwaka 1994 ilipatikana kwa Kiswahili 2022, kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Binti yangu alimfuata mkutubi kumuuliza kama wanayo. Mama yule hakumwambia arudi kesho. Aliingia kati ya makabati, akatoka na kitabu, na fomu ya uanachama tukaijaza palepale.

Kahawa tungu na kashata vilikuwa tele. Nakala za mwandishi ziliisha kabla sijafika mezani, na kwa ukumbi uliofurika vile walipaswa kuleta nyingi zaidi. Kipaza sauti kilikatika mara mbili, ila waliokaa mbele hawakukosa kitu, basi wahini mapema. Wa Likoni msihofu usiku, feri ipo. Mimi nitakwenda tena, na ningependa walimu wa Kiswahili wapelekwe kwa makundi.

Wakati wa kurudi, binti yangu hakukifungua kitabu. Aliniuliza nyanya yake alikuwa akisemaje "kichwa". Nikamwambia: kitwa. Na mchele? Mtele. Na kuchinja? Kutinda. Akaendelea kuuliza, nami nikimjibu, mpaka feri ikagusa ng'ambo.