Meko ya kilo 6 kwenye jikoni za Mombasa: inafaa wapi, inakwama wapi

Kwa mpishi wa chumba cha kupanga Kisauni, Likoni au Magongo, meko ya kilo 6, yaani mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, ni kitu cha kununua. Ila ajue mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Kwanza, haitamaliza kazi zote za jiko la makaa. Pili, gharama yake nzito haiko dukani siku ya kwanza, iko kwenye kujaza tena, mwezi baada ya mwezi. Hilo la pili linaeleza pia kwa nini nchi zilizoanza safari ya nishati safi zikiwa na hali zinazokaribiana zimeachana mbali njiani.

Kifaa chenyewe kina sehemu chache: mtungi, vali, kichomeo kinachokazwa moja kwa moja juu ya vali, na kikalio cha sufuria. Hakuna paipu wala regyuleta (kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi inayotoka), ndiyo maana hakichukui nafasi na moto wake ni mkali. Kikifunguliwa chote hula takriban gramu 200 za gesi kwa saa, kwa hiyo mtungi mzima ni kama saa 30 za moto mkubwa. Familia ya watu wanne inayopika chai, ugali na mchuzi huenda nao wiki tatu hadi mwezi. Sufuria ya lita 5 hukaa imara. Ile ya pilau ya watu kumi usiithubutu: uzito wote unakuwa juu, kitako cha mtungi ni chembamba, na sufuria pana hurudisha joto chini kwenye vali.

Ukihesabu joto linalofika kwenye chakula, kilo moja ya gesi inakaribia kilo 3 za makaa kwenye jiko lenye udongo ndani, na karibu kilo 5 kwenye jiko la bati tupu. Mtungi mmoja basi ni sawa na kilo 17 hivi za makaa kwenye jiko la udongo. Pima mkebe wa makaa wa mtaani kwako kwenye mizani ya duka, piga hesabu ya bei ya kilo 17, kisha ulinganishe na bei ya kujaza mtungi. Anayetumia jiko la bati tupu atashtuka, kwa sababu yeye anachoma karibu kilo 28 kwa kazi ile ile. Lakini makaa anayauziwa kwa mkebe, kwa pesa ya leo. Gesi inamtaka alipe ya mwezi mzima kwa mkupuo, na mwenye kipato cha kutwa hana mkupuo huo.

Wali wa nazi ndio mtihani wa kweli. Tui likishakauka, wali wa Pwani hupaliwa: makaa machache hutiwa juu ya mfuniko, mengine yakabaki chini, ukaiva juu na chini na punje zikaachana. Meko haiwezi kupalia. Ukiuacha wali kwenye kichomeo hata kwa moto wa chini, ukoko huungua katikati na juu hubaki rojo. Dawa yake: tui likianza kunywewa, shusha moto hadi mwisho, weka bamba zito la chuma au chapati pani kuukuu chini ya sufuria, funika kwa kitambaa kinene chini ya mfuniko na ukunje pembe zake juu zisifikie moto, kisha subiri dakika 15 hadi 20. Hautakuwa kama wa makaa, lakini utaliwa bila lawama. Mbaazi na maharagwe ziroweke usiku kucha. Zisiporowekwa hukaa motoni zaidi ya saa mbili na kula karibu nusu kilo ya gesi. Nyumba nyingi huweka jiko la udongo kando kwa kazi hizi, na hakuna haja ya kuzisema vibaya. Mtu haachi jiko linalomfaa mpaka apate lingine linalofanya kazi ile ile.

Sasa tazama nchi. Senegal ilianza mwaka 1974, ukame wa Sahel ukiwa umeibana misitu, ikaleta mtungi wa kilo 2.7 wenye kichomeo juu, baadaye wa kilo 6, na kwa miaka mingi serikali ikabeba sehemu ya bei ya gesi. Dakar ikazoea gesi mapema kuliko miji mingi ya Afrika Magharibi. Indonesia mwaka 2007 ilifanya jambo kubwa zaidi: kila kaya iliyolengwa ilipewa bure mtungi wa kilo 3, jiko la kichomeo kimoja, paipu na regyuleta, na eneo lilipokwisha kugawiwa, mafuta ya taa ya ruzuku yakaondolewa. Zaidi ya kaya milioni 50 zilipata. Pesa za ruzuku zilikuwapo tayari kwenye mafuta ya taa, zilihamishwa. Ruzuku hiyo ya gesi imeendelea kuwa mzigo kwa hazina yao, na hilo lisifichwe.

India ilizindua mpango wa Ujjwala, wa kuzipa kaya maskini gesi ya kupikia, mwaka 2016, ikaandikisha gesi kwa jina la mwanamke wa nyumba, na kufikia 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Kasi ya ajabu. Lakini mtungi wa kawaida kule ni wa kilo 14.2, na kwa wengi kuujaza tena kukawa mlima. Wakarudi kwenye kuni na samadi huku mtungi ukikaa pembeni.

Kenya imekwenda mbele na kurudi nyuma. Ushuru wa VAT kwenye gesi uliondolewa 2016, ukarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ukashushwa hadi 8 mwaka 2022, ukaondolewa tena 2023. Mpango wa serikali wa kuuza mitungi ya kilo 6 kwa bei nafuu ulikwama mitungi mingi ilipokutwa na kasoro. Sensa ya 2019 ilionyesha takriban asilimia 55 ya kaya zinapikia kuni na 24 gesi. Na gesi hii inashukia hapa hapa Mombasa! Umbali si kisingizio chetu. Muuzaji wa mtaani hawezi kujaza stoo ya mitungi wakati bei inabadilishwa na kila bajeti, na mama anayepima mkebe wa makaa dhidi ya gesi anahitaji bei atakayoikuta tena mwezi ujao. Hapo ndipo waliotangulia walitupita.

Huduma ya gesi ya mita, ambapo unalipa kidogo kidogo kwa simu na vali inajifunga salio likiisha, inalenga kile kidonda cha kulipa kwa mkupuo. Kama inafika mtaani kwako, iulizie kabla ya kununua meko.

Dukani, fanya haya. Soma uzito wa mtungi mtupu uliochongwa kwenye shingo, ongeza 6, kisha uupandishe kwenye mizani, ukipungua, urudishe. Hakikisha lakiri haijafunguliwa na muuzaji ana leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, kwa maana mitungi inayojazwa vichochoroni ndiyo hutoka pungufu au ikivuja. Toa kichomeo utazame oringi, ule mpira mdogo wa duara kwenye vali: ukiwa umepasuka au mgumu kama plastiki, taka mwingine. Ukishafunga, paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, usiwashe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, kwa hiyo fungua mlango na usiguse swichi.

Chumvi ya bahari hula kichomeo upesi. Mwali ukigeuka wa manjano na kupaka sufuria masizi, tundu la kichomeo limeziba kwa kutu au utando wa wadudu. Lisugue kwa brashi, usilichokoe kwa sindano likapanuka. Upepo wa Kusi ukizima moto, hamisha meko nyuma ya ukuta. Usiuzungushie mtungi bati, kwani joto hurudi kwenye vali. Na gesi ikikaribia kwisha, usiulaze mtungi wala kuutia maji ya moto ili kumalizia tone la mwisho: ukiulaza, gesi iliyo bado majimaji hufika kwenye kichomeo na mwali hulipuka usoni, na maji ya moto huongeza presha ndani ya mtungi.