TAHADHARI: Seti ya kurekebisha tundu la plagi za Beetle inayouzwa mtandaoni ni utapeli

Wakuu, heshima kwenu. Wenye Volkswagen Beetle, na mafundi mnaozishika, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Instagram akitangaza seti ya vifaa vya kutengeneza thredi (mizunguko ya kufungia) za plagi za cheche zilizokufa, na kufunga fitingi za sehemu zisizofikika kirahisi kwenye injini za zamani. Picha zake zinashawishi kweli: kasha jekundu, tepu (kifaa cha kukatia thredi) inayong'aa, koili zimepangwa vizuri, soketi ya plagi yenye kiungo cha kujikunja, na pembeni fitingi za shaba za geji ya oili. Bei laki moja na themanini, "ofa inaisha leo saa sita usiku". Ofa hiyo inaisha leo tangu mwezi wa Ramadhani.

Seti hizi zimeletwa gereji kwangu na wateja tofauti, na mmoja, fundi, kaileta yake kutoka Morogoro pamoja na hedi (kichwa cha injini) iliyokwisha kuharibiwa. Nimezipima kwa kalipa, kile kipimo cha unene, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya kusimuliwa.

Kwanza muelewe kwa nini biashara hii inapata watu. Hedi ya Beetle ni ya aluminiamu, plagi ni ya chuma. Plagi yake ni ya milimita 14, pichi (nafasi kati ya thredi na thredi) 1.25, na sehemu yenye thredi ni milimita 12.7 tu, yaani nusu inchi. Thredi zinazoshika ni chache. Halafu kuna silinda namba 3, ile ya mbele upande wa kushoto, ambayo plagi yake imejificha chini huko nyuma ya mabati ya feni. Huioni, unapapasa. Fundi mwenye haraka akiishika kwa racheti tangu mzunguko wa kwanza, plagi inaingia kimshazari, inasaga aluminiamu, na siku gari ikipanda mlima plagi inaruka na mlio wa bastola. Gari ya mwaka 1970 hedi yake huipati kila duka la Kariakoo. Kwa hiyo mtu akiambiwa kuna kifaa cha kuokoa hedi bila kushusha injini, anatoa hela. Tapeli kajua wapi panauma.

Sasa tuje kwenye seti yenyewe. Dawa ya kweli ya tundu lililokufa ipo, na ni ya siku nyingi: unalitanua kwa tepu maalumu, kisha unazungusha ndani yake koili ya waya mgumu, na uso wa ndani wa ile koili ndio unakuwa thredi mpya za milimita 14. Ili koili ipate pa kukaa, tepu yake lazima iwe nene kuliko plagi. Kwa koili ya 14 kwa 1.25, tepu inapaswa kusoma kama milimita 15.6 kwa nje. Tepu ya kwenye kasha jekundu inasoma 14 kamili. Ni tepu ya kawaida ya kusafishia thredi. Ukiipitisha kwenye tundu lililoliwa inaelea hewani, haikati chochote, na koili haziingii ng'o. Maana yake seti hii haijawahi kutengeneza tundu lolote duniani na haitakaa itengeneze. Yule fundi wa Morogoro alipoona koili zinagoma alitanua tundu kwa drili ya mkono, likaenda upande. Hedi ile sasa inahitaji kuchomelewa na kukerezwa upya.

Chuma chenyewe pia ni cha uongo. Tepu imepigwa muhuri wa HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia vyuma, lakini tupa inaing'ata kama inavyong'ata msumari. Tepu ya HSS halisi tupa inateleza juu yake.

Kisha urefu wa koili. Walizotuma ni za milimita 19, saizi ya plagi ndefu za magari mengine. Kwenye Beetle zinapita zaidi ya milimita 6 kuingia kwenye chumba cha moto. Hata ungekuwa na tepu sahihi, ile ncha ya waya inayoning'inia ndani itapata joto hadi iwe nyekundu, na petroli itaanza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Injini inayopozwa kwa hewa haivumilii mchezo huo; pistoni inatoboka.

Soketi sina mengi. Haina mpira wa kushikilia plagi, na pini ya kiungo ilichomoka siku ya kwanza ya kazi.

Kinachonikera zaidi ni zile fitingi za geji ya oili, kwa sababu hapo hasara ni kubwa kuliko hedi. Anasema "zinaingia gari zote". Haiwezekani. Fitingi inakaa kwenye tundu la swichi ya oili, na ya Beetle ni milimita 10, pichi 1, yenye mteremko, yaani inanenepa kidogo kuelekea kichwani. Gari nyingi za Kijapani zinatumia BSP (thredi za mabomba za Kiingereza) ya moja ya nane ya inchi, yenye thredi 28 kwa inchi. Za Kimarekani ni NPT, thredi za mabomba za kwao, ya moja ya nane, thredi 27 kwa inchi. Kwa macho zote ni sawa. Ukiweka ya BSP kwenye Beetle inaingia imelegea na oili itavuja. Ukiweka ya NPT, ambayo ni nene kidogo, inashika mizunguko michache halafu inakaza, na fundi anadhani imefika. Akiongeza nguvu, anapasua blok ya injini, na blok ya Beetle ni ya magneziamu. Hapo hakuna koili ya kukuokoa. Fitingi nilizozikuta kwenye makasha mawili zilikuwa za NPT.

Mtindo wake wa kuuza: anataka hela yote kwanza, na jina linalotokea kwenye simu unapotuma si jina la ukurasa. Baadaye anakuambia mzigo uko kwenye basi, lakini kuna elfu ishirini na tano ya kuutoa stoo. Waliobahatika wanapata kasha. Wengine walilipa hata hiyo ya stoo na hawakuona kitu. Ukilalamika unafungiwa. Zile picha za "wateja wetu wanashukuru" zote zimeandikwa "asante sna boss", watu tofauti, kosa lilelile.

Ukitaka kununua seti ya namna hii kwa mtu yeyote, mwombe video fupi: kalipa juu ya tepu, namba zinasomeka, na karatasi pembeni yenye jina lako na tarehe ya leo. Akipima pia urefu wa koili, vizuri. Muuzaji wa kweli inamchukua dakika moja. Huyu wa kwetu nilimwomba, akaniuliza kama mimi ni askari.

Na kwa wale ambao thredi bado ni nzima, wala hamhitaji seti. Chukua kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shubiri moja, kichomeke kwenye kichwa cheupe cha plagi, uielekeze kwenye tundu na kuuzungusha mpira kwa vidole. Injini iwe ya baridi. Plagi ikikaa kimshazari mpira unateleza, hauna nguvu ya kuharibu. Ikiingia yenyewe mpaka mwisho, ndipo ushike spana. Kama tundu limeshakufa, shusha injini. Beetle imeshikiliwa na bolti nne tu, spana ya 17. Peleka hedi kwa fundi wa kukereza, pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wapo wazuri, akuwekee bushi ya chuma kwenye mashine, siyo kwa mkono.

Aliyekwisha tuma hela asikae kimya. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, kisha fungua jalada polisi ukiwa na ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo. Usifute kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu watu hawa. Waliopokea kasha wanaweza pia kulipeleka Tume ya Ushindani, FCC, kama bidhaa bandia.

Ukurasa wa mwanzo umefutwa wiki hii. Amefungua mwingine, na sasa anawalenga wenye Land Rover za zamani: tepu moja "inayokata nyuzi za Kiingereza na za milimita". Nyuzi, yaani thredi, za Kiingereza za Whitworth za Land Rover za mwanzo zina pembe ya digrii 55, za milimita ni digrii 60. Tepu moja haikati pembe mbili, na bei ameipandisha hadi laki mbili na nusu.