Sebule ipendeze kabla ya minada ya korosho: nini ununue kwanza kwa hela ndogo (Mtwara na Lindi)

Jamani mwezi wa tisa huu ndo muda wenyewe. Kipupwe kimeisha, joto linarudi taratibu, mvua bado kabisa maana huku kusini haziji za maana mpaka Novemba mwishoni au Desemba, kuta zimekauka na mafundi bado wana nafasi. Subiri Oktoba minada ianze uone, Newala, Tandahimba, Ruangwa, Nachingwea kila mtu anataka kochi na pazia wiki hiyohiyo, fundi rangi uliyekuwa unampata kwa simu moja anakwambia "nitakucheki wiki ya mbele", na bei za madukani nazo sijui nani huwa anaziambia kwamba wakulima wamelipwa. Kwahiyo mwenye kuweka akiba kidogo aanze sasa hivi, na hata asiye na akiba kuna vitu humu vya elfu tano.

Kanuni yangu ya kupanga hii orodha ni moja tu. Mgeni akiingia, macho yake yanatua wapi sana? Ukutani na dirishani. Sio kwenye kile chombo cha maua juu ya meza. Alafu watu hela yote inaenda kwenye chombo cha maua.

Namba moja: rangi ya ukuta

Hakuna kitu kingine kinachobadilisha sebule kwa hela hiyo. Na watu wanaiogopa kwasababu wanadhani lazima ndoo ya lita 20, hapana. Piga hesabu: sebule ya mita 4 kwa 4, ukuta wa kwenda juu mita 2.8, ukitoa mlango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 39. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, unapiga mikono miwili, ni lita 8. Kopo mbili za lita 4, basi. Ile ndoo kubwa fundi anayokwambia ununue, nusu yake inaenda kupaka kwa mtu mwingine, sisemi kwamba wote wako hivo ila nunua mwenyewe, kopo lifunguliwe mbele yako, na angalia anachanganya maji kiasi gani maana kipimo kimeandikwa kwenye kopo. Rangi iliyozidishwa maji utaijua tu, mkono wa pili ushapita na ukuta wa zamani bado unachungulia.

Sasa huku kwetu pwani kuna ugonjwa wa ukuta kutoa unga mweupe chini, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti hivi, rangi inavimba inabanduka vipande, ukipitisha kidole unabaki na chumvi. Nyumba za Shangani, Mikindani, Lindi mjini kule karibu na maji, Kivinje, wanaujua huu. Tofali zilifyatuliwa na mchanga wa pwani au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na ile chumvi inasukuma rangi kutoka ndani. Ukipaka juu yake umetupa hela. Kwangua na brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, fagia ule unga utoke nje kabisa, usioshe kwa maji maana chumvi inayeyuka inarudi ndani kulala, alafu acha siku kadhaa uangalie. Unga ukirudi jua unyevu bado upo, hapo dawa ni kushughulikia maji yanapoingilia kwanza, rangi baadae. Unga usiporudi, piga msasa, wolputi kwenye mashimo, ndo upake. Na tafadhali usipake rangi ya mafuta kwenye ukuta wa hivyo eti inaoshika, inafungia unyevu ndani na itavimba tu. Zile nyumba za zamani za mawe na chokaa, Mikindani zipo nyingi, zirudishie chokaa chake, ni rahisi kuliko rangi na ukuta unapumua.

Rangi gani? Mi sishauri nyeupe pe. Krimu, au ile ya mchanga, au kijani kilichopauka. Mtu wa Masasi na Newala unajua lile vumbi jekundu linavyofanya, kule piga mkanda wa rangi nzito chini, kama sentimita 30 hivi, na kwakuwa bara hakuna mambo ya chumvi mkanda uwe wa mafuta ufutike na kitambaa. Hela ikiwa haitoshi kabisa paka ukuta mmoja tu, ule ulio nyuma ya tivii, kopo moja ya lita 4 inamaliza na inabaki.

Mpangaji, ongea na mwenye nyumba kwanza. Wapo wanaokubali gharama ikatwe kwenye kodi, ila muandikishiane, maneno ya barazani yanasahaulika haraka.

Namba mbili: pazia

Hapa ndo wengi wanapigwa. Ile pazia nzito ya velveti inang'aa dukani, ukiiweka sebuleni Mtwara mwezi wa kumi na mbili unakuwa umejifungia kwenye tanuri, upepo wote wa bahari unaishia kwenye kitambaa. Chukua kitambaa chepesi cha pamba pamba kwa pembeni na shia, kile kitambaa laini cha kupitisha mwanga, katikati, mchana unafunga shia peke yake, hewa inapita na wapita njia hawakuoni unakula.

Kupima: bomba la pazia lizidi dirisha kama sentimita 15 kila upande, dirisha linaonekana kubwa na pazia ukizifungua hazizibi hewa. Kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa bomba, dirisha la mita 1.5 bomba ni 1.8, kitambaa ni mita 3.6. Ukinunua pungufu pazia inakaa imenyooka kama shuka kwenye kamba, haina yale mawimbi. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8, huo upana ndo unasimama kuwa kimo, kwahiyo unachonunua ni mita za kuzunguka dirisha tu. Muuzaji akianza kukupigia hesabu ya "kimo na upana" hapo shika karatasi yako.

Alafu ringi na bomba. Usinunue chuma kilichopakwa dhahabu kama unakaa karibu na bahari, ushauri wa bure huu. Hewa ya chumvi inakula, baada ya msimu mmoja wa mvua unaona doa la kutu limezunguka kila tundu la pazia na halitoki hata kwa jiki, ikitoka na rangi ya kitambaa inatoka. Ringi za plastiki, bomba la aluminiamu au hata la mbao, mseremala wa mtaani anakuchongea.

Mitumba je? Mi naanzia kwenye mitumba kabla ya dukani. Pazia za mitumba kitambaa chake mara nyingi ni kizuri kuliko hizi mpya za bei sawa, shida ni kupata mbili zinazofanana. Nenda siku wanayofungua robota, asubuhi, iinue juu uangalie kwenye jua maana matundu ya panya na mahali palipochakaa kwa jua hupaoni ukiwa umeikunja mkononi. Ikipungua kimo unaongezea pindo la kitenge chini, na siku hizi hiyo nayo ni fasheni.

Namba tatu: taa

Balbu ya LED haizidi elfu tano sehemu nyingi na watu hawaifikirii kabisa. Ile nyeupe ya bluu bluu inafanya sebule ionekane zahanati. Tafuta imeandikwa 3000K kwenye boksi, ndo ya njano ya kutulia, wati 9 inatoa mwanga wa ile balbu ya zamani ya wati 60. Weka hiyo, kisha taa moja ndogo ya pembeni kwenye kona. Taa za mkanda zinazobadilika rangi kijani nyekundu zambarau, sawa, kama una vijana ndani wataziweka tu hata ukikataa.

Namba nne: mito na foronya

Kanga. Sijui kwanini tunaacha kanga tunanunua foronya za manyoya. Kanga moja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja, unakata vipande sita vya sentimita 50, ukishona mto unabaki 45 hivi, kwahiyo kanga moja mito mitatu, doti nzima mito sita, makochi yote yameisha. Ila mwambie fundi kwanza unataka pindo likae wapi na jina likae wapi, asikate tu, maana utakuta mto mmoja umeandikwa nusu ya maneno na yamegeuka kichwa chini, mgeni anakaa anapinda shingo kusoma. Zipu iwe nyuma. Mtu anayependa kitu kizito atumie kitenge, akifue kabla ya kushona, kinanywea na kingine kinachuja rangi, usije ukakuta kochi la krimu limegeuka pinki.

Ndani ya mto usinunue sponji za kusagwa za bei rahisi zinabonyea, chukua mto mzima wa zamani wa kitandani ukate ushone mara mbili. Makochi yenyewe kama yamelegea, geuza sponji za kukalia chini juu kabla hujafikiria fundi. Zikiwa zimekufa pande zote nunua sponji tupu, ibonyeze kwa ngumi dukani, ikichelewa kurudi iache hapohapo.

Namba tano: cha kuweka chini

Kapeti la manyoya mi nalishusha chini kabisa kwenye hii orodha ingekuwa sio heshima za watu. Mchanga wa Mtwara unaingia mle hautoki, mtoto kamwaga chai ya maziwa, mvua zinaanza linapata harufu, na kulifua ni kazi ya watu wawili na jua la siku nzima. Kwa hela hiyohiyo, au chini yake, unapata mkeka wa ukili mkubwa, zile za miyaa zilizotiwa rangi, kina mama wa Kilwa na Lindi vijijini wanasuka vizuri mno. Angalia mshono kati ya shupatu na shupatu, ile mikanda iliyosukwa, uvute kidogo, ukifunguka rudisha. Angalia na rangi, lowesha kidole usugue, ikikupaka itakupaka na miguuni. Wenye marumaru wekeni kitu cha mpira chini usiteleze, wazee wanaanguka.

Namba sita: vya ukutani

Tunaishi kwa Wamakonde alafu ukutani tunatundika picha ya maporomoko ya maji ya Uchina. Kinyago kimoja cha mpingo kinatosha sebule nzima, iwe ujamaa, wale watu waliopandana, au shetani kama nyumbani kwako hakuna watoto waoga. Ujanja wa kununua: kuna vya mti laini vimepakwa kiwi ya viatu. Mpingo ni mzito, kipande chake ukikitia kwenye maji kinazama. Geuza kitako uangalie, katikati ni nyeusi ya kahawia na pembeni mara nyingi kuna utepe wa rangi ya krimu, ule sio ubovu ni nyama ya nje ya mti. Ukiwa mweusi tii kila mahali mpaka kwenye kitako na kidole kinachafuka, hiyo ni kiwi. Nyumbani usikiweke dirishani juani, kitapasuka.

Bajeti ikiwa haifiki kwenye kinyago nunua nyungo tatu za ukubwa tofauti, tundika pamoja juu ya kochi. Bei ya kuchekesha na zinapendeza kweli.

Vya kuacha

Stika za ukutani, zile za matofali na za marumaru feki. Kwenye picha nzuri, kwenye ukuta wetu wenye unyevu zinaanza kuinua pembe mapema tu, na zikitoka zinaondoka na wolputi, sasa una kazi mbili. Maua ya plastiki yanashika vumbi, chukua mshubiri kwa jirani uotee kwenye kopo la rangi lililobaki. Makava ya makochi ya kuvuta, sizichukii, ila yanateleza kila mtu akinyanyuka na yana joto.

Elfu hamsini tu mkononi? Balbu mbili, doti moja ya kanga na ushonaji, chenji nyungo. Laki na kidogo, rangi na unajipakia mwenyewe. Usigawe laki moja kwenye vitu vinane, hakitaonekana hata kimoja.

La mwisho ni kuagiza Kariakoo kwa picha. Kuna wakati inalipa hasa pazia na vitambaa, ila weka na nauli ya mzigo kwenye basi kabla hujasema ni rahisi, ni zaidi ya kilomita 500 mpaka Mtwara, na kurudisha kitu ndo usiwaze. Mapazia ya mtu wangu wa karibu yalikuja ya kijivu wakati kwenye picha yalikuwa bluu, muuzaji akasema ni simu yako. Mwambie akutumie video, kitambaa kikiwa nje juani, na mita zipimwe kwa tepu humohumo kwenye video, na risiti ya basi akutumie kabla hujamalizia hela.