Nilisimamia mwenyewe ujenzi wa bwawa la kuogelea nyumbani: uzoefu wangu

Wakandarasi watatu walikuja kupima uwanja wetu wa nyuma hapa Mbweni, Dar es Salaam, na kila mmoja akaniachia bei yake: milioni 48, milioni 55 na milioni 71. Bwawa ni lilelile, mita 8 kwa 4, kina kikianzia mita moja na kuishia mita 1.8. Nilikaa na karatasi zile siku mbili nikitafuta zimepishana wapi. Wa milioni 48 hakuweka pampu, filta wala uzio. Wa 71 aliweka mpaka majani ya bustani. Kwenye karatasi ya yule wa 55 nikakuta mstari mmoja: usimamizi na mengineyo, milioni 11. Huo ndio ulionisukuma. Nyumba tunayokaa niliisimamia mimi tangu msingi mpaka bati, mume wangu akiwa kazini Mtwara. Nikaona hata bwawa nitaliweza.

Bwawa limekwisha na watoto wanaogelea. Limekula milioni 39 na laki sita, na miezi saba badala ya mitatu niliyopanga. Naandika kwa ajili ya yule ambaye karatasi zake bado ziko mezani.

Kitu ambacho sikukielewa mapema ni kwamba nyumba inasamehe. Ukuta wa tofali ukipinda kidogo, plasta inaficha. Ukikosea dirisha, unabomoa tofali tatu unarudia. Bwawa ni chombo cha kubeba maji, na maji hayafichwi kitu. Langu linabeba lita 45,000 hivi, yaani tani 45 zinazosukuma kuta kutoka ndani, na huku nje kuna mchanga na maji ya ardhini yanayosukuma kuja ndani. Tena sehemu kubwa ya kazi inafukiwa. Nondo zinamezwa na zege, mabomba yanamezwa na udongo, halafu vigae vinafunika vyote. Kosa la Septemba unaliona Desemba, fundi ameshahamia saiti nyingine.

Nilichofanya vizuri kuliko vyote ni kumlipa mhandisi aliyesajiliwa. Kwa milioni moja na laki nane alinichorea ramani na nondo zake, niliyoipeleka manispaa kuombea kibali cha ujenzi, na akakubali kuja saiti mara nne. Kabla hata ya kuchora alitaka tuchimbe kishimo cha majaribio. Ilikuwa Agosti, kipindi cha ukame, lakini maji tuliyakuta mita 2.3 tu chini. Hapo ndipo aliponieleza jambo lililoninyima usingizi: bwawa tupu linaweza kuelea. Chombo chetu cha zege kilikuwa na uzito wa tani 36 hivi. Maji ya ardhini yakipanda kama mita moja juu ya kitako chake na ndani hamna kitu, yanalinyanyua kama mtumbwi, na zege likishanyanyuka halirudi pale lilipokuwa. Kama kiwanja chako kiko karibu na bahari, uliza habari hii kabla ya kuuliza bei ya vigae.

Kuchimba hakukuwa na mengi zaidi ya mchanga kuporomoka kila tulipopita mita moja, tukalazimika kulaza kingo na kulipia tipa mbili za ziada za kuondoa mchanga. Nondo zilikuwa za milimita 12, na kazi yangu ilikuwa kupita na futi kamba kuhakikisha nafasi ni sentimita 15 na kwamba zimekalia vile vipande vidogo vya zege wanavyoviita biskuti, zisiguse ardhi. Nondo ikigusa udongo inapata kutu, na kutu inavimba na kupasua zege. Jamvi la chini, yaani sakafu ya zege ya bwawa, tulilimwaga siku moja, tukaacha ukanda wa mpira umesimama kuzunguka pale ukuta utakapokaa, wa kuzuia maji yasipenye kwenye maungio. Mpaka hapo nilikuwa najiona nimefaulu.

Siku ya zege la ukuta ndiyo iliyonigharimu. Tulipanga kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Mashine ya kuchanganyia ilifika saa nne. Mhandisi alishaniambia kwamba ukuta ule umwagwe mfululizo, kuzunguka pande zote, usiachwe nusu. Uwiano wetu ulikuwa mfuko mmoja wa saruji kwa kipimo kimoja na nusu cha mchanga na vitatu vya kokoto, na nilisimama pale pale nikihesabu karai, kwa sababu saidia fundi akichoka anaongeza maji zege liwe laini kumwagika, na kila maji unayoongeza yanapunguza nguvu ya zege. Saa tisa alasiri ikaja simu ya msiba wa shangazi, Temeke. Ukuta ulikuwa umefika nusu. Nikamwita fundi kiongozi, nikamwambia, "Fundi, nakuomba, msisimame mpaka juu." Akaniambia, "Mama, wewe nenda ukazike, hapa usiwe na wasiwasi."

Nikarudi saa nne usiku. Walikuwa wameacha saa kumi na moja jioni. Asubuhi wakaendelea pale pale walipoishia, bila kukwaruza zege la jana wala kulimwagia uji wa saruji, na mimi nimelala kwa uchovu wa msiba. Nilipofika saiti mbao za kushikilia zege zilikuwa zimejaa mpaka juu. Fundi akasema, "Tumeunga vizuri tu, mama." Sikuwa na la kuonyesha. Mbao zilipofunguliwa, mstari ulikuwepo kuzunguka ukuta mzima, mwembamba kama wa penseli.

Tulilimwagilia zege kwa wiki nzima na kusubiri mpaka siku 28 zikatimia. Fundi alitaka tuingie kwenye plasta na vigae moja kwa moja, tuwahi sikukuu. Mhandisi akakataa: lijazwe maji kwanza likiwa zege tupu vilevile, na nje pasifukiwe. Nikaita maboza ya lita 10,000, matano. Jaribio lenyewe ni rahisi, na hata kama una mkandarasi mdai alifanye mbele yako. Chukua ndoo, iweke kwenye ngazi ya bwawa, ijaze maji mpaka yalingane na ya nje, weka alama ndani ya ndoo na alama ukutani. Subiri saa 24. Jua na upepo vinakausha ndoo na bwawa sawasawa, kwa hiyo kinachozidi ndicho kinachovuja. Ndoo yangu ilipungua milimita 5. Bwawa lilipungua 31. Hizo 26 za ziada, kwa bwawa la ukubwa ule, ni zaidi ya lita 800 kwa siku.

Niliingia na tochi kwenye nafasi ya nje, kati ya ukuta na mchanga, nikitembea kiubavu. Pale kwenye mstari wa penseli ukuta ulikuwa umelowa, rangi imekoza, na chini yake michirizi imeshuka mpaka kwenye jamvi. Niliweka kiganja, ukuta ukawa wa baridi, na maji yakanifuata mpaka kwenye kiwiko. Nililia pale ndani, na sioni aibu kulisema.

Marekebisho yalichukua wiki tatu na milioni mbili na laki tatu. Ilibidi maji yatolewe, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, kwa hiyo ile hofu ya bwawa kuelea haikuwa hadithi tena. Tukachimba kishimo kando ya upande wa kina kirefu, tukaweka pampu ikivuta maji ya ardhini usiku na mchana, na nikamlipa kijana wa kulala pale na jenereta, umeme ukikatika aiwashe. Mafundi wakachonga mfereji kufuata mstari wote, wakaujaza saruji maalumu isiyosinyaa, kisha ukuta mzima ukapakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili. Jaribio la pili: ndoo milimita 6, bwawa 7. Kama vigae vingekuwa vimeshabandikwa, sijui ningeanzia wapi kuvibandua.

Lipo jambo la shimo ambalo halipo kwenye ramani yoyote. Katika wiki zile za mvua, kabla ya kuwa na bwawa, tayari nilikuwa na shimo lenye maji. Jioni moja nikamkuta mtoto wa jirani, wa miaka minne, amechuchumaa ukingoni akirusha kokoto. Alikuwa amepita kwenye pengo la uzio tuliloliacha kwa ajili ya toroli. Kesho yake kazi zote zilisimama mpaka mabati yakazunguka saiti. Uzio wa kudumu nimeuweka wa mita 1.2, nguzo za kusimama zisizo na pa kukanyagia, na geti linalojifunga lenyewe. Usimwachie mtu akuambie uzio utakuja baadaye pesa ikipatikana.

Mabomba nilitaka kumpa fundi aliyefunga ya nyumba. Namshukuru aliyenizuia. Fundi huyo alipanga tundu moja la kunyonya maji chini ya bwawa. Pampu inanyonya kwa nguvu, na tundu likiwa moja likazibwa na mwili wa mtoto au likavuta nywele, kumtoa ni kazi. Marekani walitunga sheria mwaka 2007 yenye jina la Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka saba aliyekufa maji mwaka 2002 baada ya kunaswa na mnyonyo wa namna hiyo. Nikatafuta fundi wa mabwawa kwa siku tatu, laki tisa. Akaweka matundu mawili yaliyotengana zaidi ya mita moja, yenye mifuniko iliyobinuka, akayajaza mabomba yote maji kwa presha usiku kucha kabla hatujafukia. Umeme nao nilimpa mwenye leseni: kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme ukivuja, ethi ya uhakika, taa za volti 12.

Matunzo yenyewe si magumu ukishazoea. Pampu inafanya kazi saa saba kwa siku, mchana. Napima maji kwa vile vipande vya karatasi: klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.2 na 7.6. Kwa maji yangu, gramu 70 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 zinaongeza miligramu moja kwa lita. Naiweka kwenye ndoo yenye maji. Kamwe simwagii maji juu ya klorini, inaweza kulipuka. Andaa pesa ya bili ya umeme.

Sasa, usimamie mwenyewe au umpe mkandarasi? Ukilinganisha na yule wa milioni 55, nimeokoa milioni 15 na kidogo, na marekebisho yamo humo. Kwangu ni pesa nyingi. Lakini nilitumia likizo yangu yote, na siku moja tu niliyotoka ndiyo siku iliyovuja. Kama ajira yako haikuruhusu kuwa saiti tangu asubuhi mpaka mashine izimwe, siku ya jamvi, siku ya ukuta na siku ya kujaribu mabomba, mpe mkandarasi na umlipe kwa hatua, ile ya mwisho ikisubiri jaribio la ndoo. Kama unaweza kuwepo, lakini hujawahi kusimamia hata chumba kimoja, bado ningekwambia umpe. Mimi nikianza upya nitachimba Juni, mara masika yanapokwisha, ili zege na majaribio viishe kabla ya vuli. Kuchimba, kununua vifaa, vigae na uzio nitasimamia mwenyewe tena. Ukuta nitampa mtu kwa mkataba, wenye sharti la kumwaga bila kusimama, na ndugu mmoja wa kuaminika atakaa pale badala yangu nikipigiwa simu.