Jengo la Frimasoni, Philadelphia: msiishie mlangoni

Ndugu zangu mnaopita Philadelphia, jengo la Frimasoni (chama cha udugu chenye taratibu za siri) lililo ubavuni mwa City Hall, makao ya serikali ya jiji, lina ziara ya kulipia. Ilipeni.

Najua kwetu jina hilo likitajwa tu watu huanza kunong'ona, na matapeli wanaobandika matangazo ya "jiunge upate utajiri" wameliharibu zaidi. Humu unakata tiketi, unatembezwa ukumbi kwa ukumbi, unatoka. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kujiunga.

Kazi yangu ni lipu na chokaa, niliyojifunza Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa hiyo mimi huanza na kuta. Jiwe la msingi liliwekwa 1868, jengo likazinduliwa 1873. Msanifu wake, James Windrim, alishinda shindano la michoro akiwa hajafikisha miaka 30. Kwa nje alijenga kwa mtindo wa Kinorman: graniti nzito na lango la matao yanayoingiana. Imara, lakini kwangu limekaa kama ngome.

Ndani ni habari nyingine. Kumbi ni saba, kila mmoja na mtindo wake, na mkono wa George Herzog, mpambaji mzaliwa wa Ujerumani, unaonekana tangu unapoingia. Ukumbi wa Kimisri, uliokamilika 1889, una nguzo nene zilizoigwa mahekalu ya mto Nile, na ile michoro ya ukutani ni maandishi ya kale yanayosomeka kweli. Mtu alikaa akajifunza herufi za watu kabla hajashika brashi! Heshima ya namna hiyo kwa kazi siioni mara nyingi.

Ila moyo wangu niliuacha Ukumbi wa Mashariki, wenye nakshi zilizofuata Alhambra, kasri la Waislamu wa kale huko Granada, Hispania. Nyekundu, buluu na dhahabu zimejaa hadi darini, na kila umbo linajirudia bila mstari kuyumba. Aliyewahi kupiga lipu ya nakshi anajua mkono unavyochoka hapo. Ukumbi wa Kigothi niliupita haraka.

Mkiwa humo, kumbukeni pia kwamba Waamerika Weusi wa mji huu, waliokataliwa na Frimasoni Wazungu, walilazimika kuunda lodji (tawi la Frimasoni) yao wenyewe, 1797, chini ya Absalom Jones, kiongozi Mweusi wa kanisa.

Kwenye makumbusho ya jengo mtaiona aproni ya Kifrimasoni, ile ya kufunga kiunoni, ya George Washington. Itazameni, kisha mwombeni kiongozi awaongezee dakika chache Ukumbi wa Mashariki, na msimame karibu na ukuta.